Mtaji Ulitoka Wapi? Maswali Yasiyoulizwa Katika Mahojiano ya Wanawake Mashuhuri

Katika zama zetu hizi, ambapo simu ya mkononi imekuwa redio, gazeti na baraza kwa pamoja, imezuka namna ya mazungumzo ipendwayo mno na vijana na watu wazima, nayo ni podikasti: watu wawili huketi mbele ya vinasa sauti, mmoja mwenye kuuliza na mwingine mwenye sifa, wakazungumza saa nzima au zaidi pasipo ile haraka ya mtangazaji wa redio anayelazimika kupisha taarifa ya habari na matangazo ya sabuni. Mkoa wa Singida haukuachwa nyuma katika jambo hili. Msusi wa mjini, muuza duka wa Kiomboi, mwanafunzi wa Manyoni na dereva wa lori aliyeegesha Itigi, kila mmoja kwa gharama ya kifurushi cha intaneti aweza kuwasikiliza watu ambao zamani asingaliwafikia hata kwa barua. Mengi ya mazungumzo hayo ni ya kupitisha wakati, wala hakuna dhambi katika kupitisha wakati. Lakini liko fungu moja lililojipatia heshima ya pekee kwa kuwa linadai kufundisha, nalo ni mahojiano ya wanawake mashuhuri juu ya uongozi na ujasiriamali. Maadamu linadai kufundisha, ni haki yetu kulipima kama tupimavyo mafundisho mengine yote, kwa kuuliza mwenye kusikiliza huondoka na nini awezacho kukitumia.

Yafaa kwanza kulitendea insafu fungu hilo. Kwa miaka mingi sauti ya mwanamke katika vyombo vyetu vya habari ilikuwa adimu, na ilipopatikana aghalabu ilizungushiwa ua wa mapishi, malezi na mapambo. Ndiyo maana mwaka 1987 waandishi wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, wakatoa na jarida la Sauti ya Siti, ili habari za wanawake ziandikwe kwa uzito unaozistahili. Baadaye televisheni ilitupa kipindi cha Wanawake Live cha Joyce Kiria, Clouds Media wakaanzisha Malkia wa Nguvu kwa ajili ya kuwatukuza wanawake wachapakazi, na Salama Jabir, tuliyemzoea katika kipindi cha Mkasi, akaleta mtandaoni mahojiano marefu ya SalamaNa. Vanessa Mdee naye, mwaka 2020, aliitumia podikasti yake mwenyewe kutangaza kwamba anauacha muziki na kueleza madhila yaliyomfikisha hapo, maelezo ambayo katika mahojiano ya dakika tano ya redio yangalikatwa na wimbo kabla hayajafika nusu. Wasaa huo wa kusema mpaka mwisho ni neema, na mwenye kuubeza huwa amesahau jinsi wanawake walivyokuwa wakikatizwa maneno.

Walakini neema ya wasaa yaweza kutumiwa vibaya, na kasoro ya mahojiano haya ni kwamba muda mrefu hutumika kuzunguka jambo ambalo lingalisemwa kwa dakika kumi. Msikilizaji mzoefu huweza kuutabiri mtiririko kabla haujaanza: mgeni alizaliwa katika dhiki au katika familia ya kawaida; alikuwa na ndoto; walimcheka; alilia usiku mmoja; akasali; akathubutu; mlango ukafunguka; leo anaajiri watu kadhaa, na ujumbe wake kwa mabinti ni kwamba wajiamini, wathubutu, wasikate tamaa. Ukiyasikiliza tena mahojiano hayo kwa kalamu na karatasi, ukiandika kila mahali ambapo kiasi cha fedha kimetajwa, jina la aliyekopesha, mwenye kiwanja, bei ya kununulia na bei ya kuuzia, hasara ya mwaka wa kwanza na aliyekuwa akilea watoto wakati mama yuko safarini, karatasi hiyo aghalabu hubaki nyeupe. Mlango ulifunguka, tunaambiwa. Nani aliufungua, na kwa ufunguo gani, huachwa kuwa siri baina ya mgeni na Mola wake.

Tuuchukue mfano mashuhuri kuliko yote wa siku hizi. Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry wa Uingereza, alianza podikasti ya Archetypes mwezi Agosti 2022 kwa mkataba na kampuni ya Spotify, na mkataba huo ulipokoma mwaka 2023, akarudi Aprili 2025 na nyingine, Confessions of a Female Founder, yaani Maungamo ya Mwanamke Mwanzilishi, kwa kusudi la kuzungumza na wanawake walioanzisha biashara zao wakafanikiwa. Katika mazungumzo ya kwanza, yeye na mgeni wake Whitney Wolfe Herd, mwanzilishi wa programu ya Bumble ya kuwakutanisha wapenzi, walieleza kwamba wote wawili walipata maradhi hatari ya shinikizo la damu baada ya kujifungua, na kwa kusema hivyo huenda wamemfanya mzazi fulani akimbilie hospitali mapema. Hiyo ni faida iliyo dhahiri, nasi hatuna budi kuikiri. Lakini siku chache kabla ya mazungumzo hayo kutoka, tarehe 2 Aprili, Meghan alikuwa ameanza kuuza bidhaa za biashara yake iitwayo As Ever, miongoni mwake asali ya maua ya mwituni yenye sega ndani, chupa moja kwa dola 28, nayo ikamalizika upesi mno.

Habari hiyo ya asali ina ladha ya pekee kwa mtu wa mkoa wetu, kwa kuwa asali ya nyuki wa vichaka vya Itigi na misitu ya Manyoni ni miongoni mwa mazao yanayoutangaza mkoa, na iko barabarani katika chupa zilizokwisha kutumika kwa maji ya kunywa, ikimngoja abiria wa basi atakayeteremka kujinyoosha miguu. Mama anayeiuza, akisikia kwamba mwanamke mwenzake ameuza asali ya namna ile ile kwa dola 28 na ikaisha, atataka kujua amefanyaje. Na jawabu la kweli halimo katika kujiamini. Limo katika jambo la kwamba mshirika wa As Ever katika biashara alikuwa kampuni ya Netflix, ambayo mwezi Machi mwaka huo huo ilikwisha kuonyesha ulimwenguni kipindi cha Meghan mwenyewe cha mapishi na ukarimu, na kwamba jina la mwenye bidhaa lilikuwa likiandikwa magazetini kila siku tangu alipoolewa mwaka 2018. Wala si siri; ni mambo yaliyotangazwa hadharani. Kasoro ni kwamba katika mazungumzo yanayoitwa ya maungamo, mtaji, mshirika na jina huwa pembeni, na moyo wa mwanzilishi ndio huketishwa katikati.

Hata Bumble yenyewe ina funzo lililo wazi kwa atakaye kuliona. Ilianzishwa mwaka 2014, na fedha za kuanzia zilitoka kwa Andrey Andreev, mwenye kampuni ya Badoo, ambaye alishika karibu asilimia 79 ya umiliki, ilhali Whitney Wolfe Herd alikuwa na asilimia 20. Na kampuni ilipouza hisa zake sokoni mwezi Februari 2021, yeye, akiwa na umri wa miaka 31, alisifiwa kuwa mwanamke mdogo kuliko wote kupata kuiingiza kampuni aliyoianzisha katika soko la hisa la Marekani. Sifa hiyo ni yake kwa haki, kwani fedha za Andreev zisingaliijenga Bumble pasipo akili yake. Lakini akili yake nayo isingaliijenga pasipo fedha hizo, na mwalimu anayefundisha nusu moja ya hesabu huwa amewapotosha wanafunzi wake.

Hapa nyumbani hali haiko mbali na hiyo, ila viwango ni vidogo. Jokate Mwegelo alifahamika kwa mashindano ya urembo ya mwaka 2006, kisha likaja jina la biashara la Kidoti, kisha vyeo vya ukuu wa wilaya na vya chama. Flaviana Matata alipata taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007, akafanya kazi ya mitindo ng'ambo, na baadaye akaja na rangi zake za kucha za Lavy. Hawa ni wanawake wenye bidii ambao hawakumdhulumu mtu, na kuwataja hapa si kuwalaumu. Muradi wangu ni kuonyesha mfuatano: umashuhuri ulitangulia, biashara ikafuata, na umashuhuri huo ndio uliokuwa mtaji wa kwanza, kwa kuwa ulipunguza gharama ya kutangaza, ukafungua milango ya benki na ya maofisa, ukawafanya wateja waamini bidhaa kabla ya kuijaribu. Mwanamke wa Ikungi mwenye bidii kama yao atatangaza bidhaa yake kwa kutembea nayo.

Natuteremke sasa tuitazame kazi yenyewe ya mwanamke huyo. Singida hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo si nyingi; kwa hiyo watu wake, Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo, wamejifunza kutegemea mazao yanayostahimili ukame: uwele, mtama na, zaidi ya yote kwa ajili ya fedha, alizeti. Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kutiliwa mkazo katika alizeti, kwa kuwa nchi hutumia fedha nyingi kuagiza mafuta ya kula kutoka nje. Wanawake hupanda, hupalilia, hukata vichwa vya alizeti vilivyokauka, huvipiga kwa fimbo mpaka punje zitoke, kisha hupeta. Mwezi wa Juni magunia yamejaa kila nyumba, na kwa kuwa kila nyumba ina shida ya sare za shule, madeni na matibabu kwa wakati ule ule, kila nyumba huuza kwa wakati ule ule, na bei huanguka. Mwenye uwezo wa kungoja miezi minne huuza kwa faida; asiye na uwezo huo huuza kwa mchuuzi aliyekuja na mizani yake mwenyewe.

Fauka ya hayo liko jambo la mashudu. Anayeuza alizeti mbichi huuza mafuta na mashudu kwa bei moja. Anayekamua hupata mafuta ya kuuza kwa chupa na ndoo, na mashudu ya kulisha kuku na ng'ombe au kuwauzia wafugaji. Tofauti baina ya hao wawili haitokani na ujasiri hata kidogo, bali na uwezo wa kulipia usafiri mpaka mashineni, kulipa gharama ya kukamua, au pengine kukubaliana na mwenye mashine kwamba mashudu yabaki kwake kuwa ndiyo malipo. Na hata aliyepiga hesabu hizo zote kwa usahihi aweza kuangushwa na jambo lililo nje ya kijiji chake: msimu wa 2023 bei ya alizeti iliposhuka vibaya, na wakulima wa mikoa ya kati wakalalamika kwamba mafuta ya nje yameachiwa kuingia kwa ushuru mwepesi, mwanamke aliyejiamini na mwanamke asiyejiamini walipata hasara iliyo sawa.

Kuku wa kienyeji, ambao Singida inasifika nao kiasi cha kuwasafirisha kwa matenga mpaka Dar es Salaam, nao wana ibra yao. Biashara hii husemwa kuwa ni ya wanawake na ni nyepesi kuanza, nayo kweli ni nyepesi kuanza. Lakini ugonjwa wa mdondo ukiingia, banda la kuku hamsini huweza kubaki na watano katika juma moja. Kinga yake ni tone la chanjo katika jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Na kwa kuwa chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haihifadhiki, majirani hawana budi kupatana siku moja ili wachanje pamoja. Katika mahojiano marefu niliyoyasikiliza juu ya wanawake na ufugaji nimesikia habari nyingi za ndoto na chache mno za chanjo, ilhali mfugaji aliyepoteza kuku wake wote angaliweza kuwafaa wasikilizaji kuliko aliyefanikiwa, maana yeye ndiye ajuaye siku gani alipaswa kufanya nini akakosa kufanya.

Juu ya yote hayo imesimama sheria na mila ya ardhi, ambayo ni nadra kutajwa mbele ya kinasa sauti kwa kuwa haina utamu wa kisa. Kwa desturi ya Wanyaturu, kama ilivyo kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, shamba ni la ukoo, na mwanamke hulima akiwa binti wa mtu au mke wa mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki, imebatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo, na imeagiza kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wasipungue wanawake watatu. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, wanawake wengi waliokuja baada yake wamepata kwa sababu yake. Mwanamke ajuaye mambo haya mawili ana cha kusema mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya afisa mikopo anayeuliza dhamana. Na mambo haya mawili yangaliweza kuelezwa na mgeni yeyote kwa muda mfupi kuliko ule unaotumika kueleza jinsi alivyochagua nembo ya kampuni yake.

Mintarafu ya mikopo, liko jambo ambalo kila mwanamke angepaswa kulisikia mpaka alizoee. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kufichua mikopo mingi isiyorejeshwa na vikundi vyenye shaka, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa masharti yaliyokazwa. Pale ambapo mkopo huo haufiki au unachelewa, huingia wakopeshaji ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu, kwa namna marejesho yake ya kila siku au kila juma yanavyomnyonya mtu mpaka akose nguvu. Na wako wanawake waliochukuliwa godoro, sufuria na televisheni mbele ya watoto wao kwa ajili ya deni lililokwisha kuzidi mkopo wenyewe. Mgeni mashuhuri anayewahimiza mabinti wathubutu kukopa, pasipo kuwafundisha kuuliza riba ni kiasi gani na huhesabiwa kwa juma au kwa mwezi, huwa amewapeleka sokoni pasipo kuwaambia bei.

Kinyume cha kausha damu ni Vicoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na hapa ndipo mtu awezapo kuiona elimu ya fedha ikitendeka. Siku ya kikao wanachama huketi kwa mduara, na sanduku la chuma huwekwa katikati, nalo lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanawake watatu wasiokaa nyumba moja, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Kila mwanachama huitwa kwa namba, hununua hisa, na katika daftari lake hupigwa muhuri kwa kila hisa mbele ya macho ya wote. Mfuko wa jamii wa kusaidiana katika msiba na ugonjwa hukusanywa mbali. Wanaokopa husema hadharani wanakopa kwa ajili ya nini, na wenzao huwahoji. Mwisho wa mzunguko sanduku huvunjwa, na kila mmoja huondoka na akiba yake pamoja na fungu lake la faida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi katika daraja lake la nne na kuvitaka visajiliwe. Yale maswali ambayo mama asiyejua kusoma huulizwa na wenzake kabla ya kupewa shilingi laki moja, yaani unaipeleka wapi, itarudi lini, na ikipotea utalipa kwa nini, ni maswali ambayo mahojiano ya watu mashuhuri hayawaulizi wenye mamilioni.

Katika habari za uongozi kasoro hii huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mwanamke kiongozi huulizwa jinsi anavyogawa muda baina ya ofisi na jikoni, swali ambalo sijasikia mwanamume akiulizwa, kisha huombwa aitaje siri ya mafanikio yake. Njia ya Rais Samia Suluhu Hassan, mathalani, imo katika kumbukumbu za wazi: karani katika wizara ya mipango ya Zanzibar mwaka 1977, mwakilishi wa viti maalumu mwaka 2000, mbunge wa Makunduchi mwaka 2010, makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, Makamu wa Rais mwaka 2015, na Rais tarehe 19 Machi 2021 kwa sharti la Katiba baada ya kifo cha Rais Magufuli. Kila mtu na aupime utawala wake kwa kadiri aonavyo. Lakini atakayeisimulia njia hiyo kama hadithi ya karani aliyeota ndoto atakuwa ameacha viti maalumu, chama na Katiba, yaani ngazi zenyewe. Na swali la maana zaidi kwa kiongozi awaye yote, mwanamke au mwanamume, ni alilolitenda alipofika: kama ni mwenyekiti wa kijiji, je, ameitisha mkutano mkuu kila miezi mitatu, na amewasomea watu mapato na matumizi?

Singida ina shujaa wake wa kike, Liti Kidanka, ambaye masimulizi ya Wanyaturu yanasema aliwakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwatumia nyuki, na jina lake limepewa uwanja wa mpira wa mjini. Watu hupenda kusimulia nyuki kana kwamba walishuka kwa uganga tu. Hakuna aulizaye watu walimfuata kwa nini, nani aliwapelekea chakula, na shauri lilikuwa likikatwa wapi. Hatuna sauti yake, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumuuliza akiwa hai. Sisi tunaoishi na vinasa sauti mifukoni tunao udhuru gani wa kurudia kosa hilo hilo, tukahifadhi sifa za watu na kutupa maarifa yao?

Isidhaniwe kwamba mahojiano mema ni muhali. Mwandishi Shaaban Robert alipokwenda kwa Siti binti Saad, muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950, alikuwa mbele ya mwanamke mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki kwa sauti, ambaye nyimbo zake zilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Na wasifu aliouandika haukumficha binti wa Fumba aliyetembeza vyungu vya mama yake kwa miguu, wala dharau alizotupiwa, wala walimu waliomfunza. Mwanahistoria Susan Geiger naye alipomhoji Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, mwaka 1984, na kuwahoji pia wanawake wasiojulikana waliokuwa pamoja naye, alituachia maelezo ya kazi yenyewe: mwaka 1955, katika miezi michache, wanawake wapatao 5,000 waliingizwa katika chama hicho cha kudai uhuru kwa kupitia vikundi vya ngoma na wapika pombe wa Dar es Salaam, ambao walikuwa na viongozi wao, fedha zao na njia zao za kupelekeana habari kabla ya chama kuja. Msomaji wa habari hizo hujifunza namna ya kukusanya watu, na angeweza kuijaribu kesho.

Wako watakaosema kwamba watu wana dhiki za kutosha, na kwamba podikasti ni faraja, si darasa. Kwamba binti wa Mkalama akisikia mwanamke amefika mbali hupata moyo, na moyo ni mwanzo wa yote. Hoja hiyo ina ukweli wake, nami siidharau. Lakini moyo usio na maarifa una madhara yake, kwani binti aliyeambiwa kwamba aliyeshinda alishinda kwa kujiamini, akishindwa yeye kwa sababu ya mvua, riba au ushuru wa mafuta, atahukumu kwamba kasoro iko katika nafsi yake. Atajitoa katika kikundi kwa aibu, na hatamwambia mtu kilichomwangusha. Faraja ya namna hiyo humalizikia katika idhilali.

Kwa hiyo ewe msikilizaji, ukifungua mahojiano ya mwanamke mashuhuri, chukua daftari, na uyasikilize ukiwa na maswali sita: mtaji ulitoka wapi, ardhi au chumba kilikuwa cha nani, nani alilea watoto, hasara kubwa ilikuwa kiasi gani na ilizibwa kwa nini, sheria au ofisi ipi ilisaidia au ilikwamisha, na je, anayehoji ana hisa au bidhaa ya kuuza? Akijibu matatu kati ya hayo, mshukuru na umpelekee jirani. Asipojibu hata moja, furahia sauti yake kama ufurahiavyo wimbo, wala usikope kwa ajili ya maneno yake. Nanyi waandaaji wa vipindi, hasa wa redio za mkoani kwetu, siku ya kuvunja sanduku la Vicoba iko kila mwaka katika kila kata: ombeni ruhusa ya wanachama, pelekeni vinasa sauti, mwulizeni mweka hazina amefanyaje, na mumwache ajibu kwa hesabu.